Mistari Myeusi Juu ya Magugu

Jumatatu ya Machi 1999, saa moja asubuhi, samaki waliokufa walikutwa wametanda kwenye ghuba ya Kasanda, kusini mwa Nyegezi. Saa tatu mvuvi Masalu alikuwa ameshatiwa mbaroni, kwa kuwa chupa ya dawa ya pamba ilikutwa ndani ya mtumbwi wake. Kuvua kwa sumu ni kosa la jela. Masalu alikuwa mgeni kutoka Ukerewe, hana ndugu wa kumtetea isipokuwa mkewe Paskazia. Kiwanda cha minofu kilikuwa kimegoma kununua samaki wa kijiji, na wanakijiji wakajaa nje ya kituo cha polisi wakiwa na mawe mikononi.

Inspekta Rebeka Chenge hakupenda kesi iliyomfikia imeshapikwa. Alitembea ufukweni akiwa ameziba pua. Mvuvi wa sumu huwazoa samaki wake kabla hakujakucha, ndiyo kazi yenyewe. Hawa, sato na kambare, walikuwa wameachwa waoze pembezoni mwa magugu maji. Nani anaua samaki asiowataka?

Alianza na Salehe, mchuuzi aliyekuwa hapatani na Masalu. Kumbe Salehe alikuwa msibani Bukoba tangu Alhamisi, na abiria wenzake melini walithibitisha. Rebeka akatoka mikono mitupu, lakini moyo ulimdunda kwa hamu. Kesi ilikuwa imeanza kunoga.

Akaenda Nyamagana kwa Yassin, mtaalamu wa mazingira aliyekuwa akipokea picha za ziwa kutoka kwenye setelaiti ndogo ya majaribio. Yassin alimweleza kuwa chombo kile huichambua nuru katika rangi nyingi mno, hata zile ambazo jicho la mtu halizioni. Mmea ukianza kufa, picha huonyesha mapema, wakati sisi bado tunauona wa kijani. Kwenye picha ya Jumamosi magugu yenye afya yalionekana mekundu. Katikati yake ilipita mistari myeusi iliyonyooka ya magugu yanayokufa, yote ikianzia kwenye gati la Revocatus Maige.

Rebeka alitamani kurukaruka. Revocatus ndiye mkandarasi aliyepewa kazi ya kuondoa magugu kwa mikono, bila dawa.

Saa kumi jioni alimkuta gatini.

"Shikamoo, mzee Maige."

"Marahaba, mwanangu."

Kazi inaendaje? Vizuri kabisa, alijibu, vibarua wameshang'oa eneo kubwa.

"Marundo yako wapi, mzee?"

Magugu yaking'olewa hurundikwa ufukweni yakauke, na harufu yake haifichiki. Ufuko wa Revocatus ulikuwa mtupu. Akasema yamechomwa moto. Rebeka akaulizia majivu. Basi akasema yameliwa na ng'ombe.

Rebeka akamwekea picha mbele.

"Niliangaza ziwa lote," Revocatus alisema hatimaye. "Hapakuwa na mtu."

"Uliangaza kando tu. Juu hukutazama."

Akayamwaga yote. Wageni wa wizara walitarajiwa Ijumaa ya wiki hiyo, na ghuba ikikutwa chafu angenyang'anywa kazi. Akapulizia dawa ya kuua magugu, ikaua na samaki waliokuwa chini yake. Chupa ya dawa ya pamba aliitia yeye mtumbwini mwa Masalu, kwa kuwa alijua mgeni hatasikilizwa.

Masalu aliachiwa kabla jua halijazama. Wanakijiji walimfuata hadi ufukweni wakimwomba radhi, wengine wakicheka kwa furaha. Paskazia alikuwa ameshapakia vyombo na nyavu mtumbwini. Masalu akawapa mkono mmoja mmoja, akashika kasia, wakaondoka kurudi Ukerewe.