Mlango wa Shaba

Saa tatu asubuhi. Tangini, chumba cha nyuma ya duka la spea.

"Bandarini Dar meli zimepanga foleni," alisema Sikuzani, mpanga njia wa kampuni ya mizigo. "Nimewashauri mabosi kontena la shaba lisipande treni pale bandari kavu ya Kwala. Liende bandari ya Mtwara kwa lori, lipitie Mzenga. Wamenipongeza."

Mashaka, kiongozi wa genge lao, akacheka. "Huko Kisarawe ni msitu mtupu. Tunavunja lakiri ya mlango, tunahamishia kwenye kenta, tunasepa. Dereva nani?"

"Raphael fulani."

"Akituletea ubishi, tunammaliza."

Magembe, mmoja wa genge, akalisikia jina hilo. Raphael alikuwa mdogo wake, na mle ndani hakuna aliyelijua hilo. Akaaga kwenda chooni, akapiga simu.

"Dogo, njia ya Mzenga ina wezi. Waambie watu wa kreni mlango wa kontena waugeuzie kichwani."

Magembe aliwahi kuendesha malori. Mlango uliobanwa na kichwa cha lori haufunguki bila kreni. Angemwambia asisafiri, Mashaka angejua siri imevuja. Hivi, majambazi wangekuta chuma kitupu, watukane, waende zao. Ndivyo alivyojidanganya, maskini.

Saa nane mchana. Porini, mbele ya Mzenga.

Gogo lilikuwa barabarani, na Mashaka na wenzake, Magembe akiwemo, wamefunika nyuso. Raphael akashushwa, akapigishwa magoti. Mashaka akazunguka nyuma ya kontena. Ukuta. Akaenda mbele, akauona mlango ulivyobanwa.

"Nani kapakia hivi?" Akamwekea Raphael bastola kisogoni. "Sema!"

"Mwache, bosi," Magembe akaropoka. "Tuondoke."

Raphael akainua uso. Sauti ile aliijua tangu utotoni.

"Kaka? Kaka, waambie! Si wewe uliyeniambia nigeuze mlango?"

Mashaka akageuka taratibu.

"Kumbe nyoka tunaye humu humu."

Magembe akairukia bastola. "Kimbia, Raphael!"

Risasi ikamwingia Magembe tumboni. Akaanguka vumbini, ameung'ang'ania mguu wa Mashaka, akisikiliza viatu vya mdogo wake kwenye majani makavu. Mashaka akafyatua tena, kuelekea kichakani.

Vishindo vikakatika. Magembe akatega sikio. Kisha akavisikia tena, mbali kidogo, vikikimbia. Akafurahi, akauachia mguu.

Mashaka akamwinamia na bastola yake.