Aliyekuwa Akizalisha Mbuzi

Zizi lilikuwa katikati ya boma. Nyumba tatu zililizunguka, na kila mlango ulitazama mbuzi. Mama mkwe alijivunia sana mpangilio huo.

Kila asubuhi mkwe wake, binti aliyeolewa na mwanawe, alifagia zizi na kukamua. Mbuzi akizaa, yeye ndiye aliyemsaidia, kwa mikono mitupu. Mama mkwe alipewa kazi hiyo siku ya pili ya ndoa yake, basi hakuona kwa nini mwingine adekezwe.

Mwaka uliopita mimba ya binti huyo iliharibika. Sasa alikuwa na nyingine, ya miezi minne. Homa ilikuja na kuondoka, viungo vilimuuma, usiku alilowa jasho. Mama mkwe alisema ni uvivu tu.

Mwezi huo mbuzi watatu walitupa mimba. Mume wa binti akamwita daktari wa mifugo, mama mmoja asiye na maneno mengi. Daktari alimkuta binti ameshika kondo la nyuma la mbuzi, anakwenda kumtupia mbwa. Akamwambia aliweke chini na anawe kwa sabuni. Kisha akauliza kama maziwa huchemshwa. Mama mkwe akajibu kwa maringo kwamba wao huyanywa yakiwa bado na joto la kiwele.

"Mama, mbuzi wakitupa mimba hivi, mara nyingi ni ugonjwa," daktari alisema. "Ugonjwa huo hukaa kwenye kondo, kwenye damu na kwenye maziwa mabichi. Humwingia mtu pia. Mjamzito unaweza kumharibia mimba. Mpelekeni binti huyu hospitali leo, na mseme anazalisha mbuzi."

Mama mkwe akauliza, "Na ile mimba iliyoharibika mwaka jana?"

"Hiyo siwezi kujua, mama."

Hospitali walipima damu, wakaukuta ugonjwa. Binti alipewa dawa zinazomfaa mjamzito, akazimeza hadi ya mwisho, hata baada ya kupata nafuu. Mbuzi nao walipimwa, na wagonjwa wakaondolewa kama daktari alivyoelekeza. Zizi lilihamishiwa chini ya mteremko, mbali na milango na kisima. Kuzalisha sasa ilikuwa kazi ya mama mkwe mwenyewe, akiwa na glavu na buti. Kondo lilifukiwa kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Maziwa yalichemshwa hadi yakatokota. Mama mkwe alinung'unika kwamba hayana ladha, lakini aliyanywa.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wageni walipoondoka, mama mkwe aliketi kando ya kitanda.

"Mwanangu, aliyekutuma zizini ni mimi."

"Najua, mama."

"Uliniambia unaumwa."

"Nilikuambia. Mara nyingi."

Binti hakumgombeza, wala hakumbembeleza. Alimpa mtoto ampakate, akageukia ukutani, akalala. Mama mkwe alibaki na mjukuu wake mapajani, akilia, na safari hii hakukaza moyo.