Mate Kwenye Utepe

Kulikuwa na fundi wa studio, msafi hadi anakera watu, ambaye shangazi yake alimpa kazi ya kuokoa kanda za marehemu mumewe. Marehemu alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki iliyovuma zamani. Nyimbo zao kubwa kila mtu anazijua. Shangazi alitaka wimbo ule mmoja wa upande wa pili wa santuri, usiopigwa redioni wala jukwaani.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mke wa fundi yuko kazini, binti yao mchanga amelala kapuni kando ya mashine. Fundi akafungua boksi la kanda. Harufu ikampiga usoni: kinywa cha mtu aliyeamka na homa. Utepe ulikuwa unanata. Akakunja uso, kisha akafanya wanachofanya mafundi wote wa kanda bila kufikiri: akalamba kidole ili ashike ncha ya utepe. Ikateleza. Akalamba tena.

Ladha ilikuwa ya kohozi. Vuguvugu, lenye chumvi, na unywele ndani yake.

Akatema, akasukutua mpaka fizi zikauma. Kinyaa hakikutoka. Mtoto akalia, chuchu yake ya plastiki ilikuwa imeanguka sakafuni. Akaiokota, akaifyonza kuisafisha kama wafanyavyo wazazi wenye haraka, akamrudishia.

Akawasha mashine. Gitaa likalia, ngoma zikaingia, na mahali pa sauti pakawa na kikohozi. Kimoja kirefu, viwili vifupi. Hivyo hivyo, wimbo mzima.

Akampigia shangazi. Shangazi akanong'ona kwamba mumewe aliurekodi mapafu yakiwa yameshaoza, na wenzake wakakataa kabisa kuupiga tena jukwaani. Hapo marehemu akajifungia na kanda, akaipaka yote mate, mwanzo hadi mwisho.

"Alisema wasiotaka kumsikia watammeza. Mwanangu, hujaigusa kwa mdomo?"

Fundi akajifuta midomo. Nyuma yake mtu alikohoa. Kimoja kirefu. Viwili vifupi. Kikohozi kizito cha mzee mvuta sigara.

Kilitoka kapuni.

Akamchomoa mtoto chuchu. Utepe wa kahawia ukaifuata kutoka kinywani, umelowa. Akavuta. Ukazidi kuja.

Daktari alimpima mtoto, hakuona kasoro. Kanda, fundi alipoirudia, ilikuwa kavu na kimya. Mtoto sasa anatambaa, mzima wa afya. Ila shangazi huja kila wiki, humpakata, husubiri akohoe. Kisha humfuta udenda kwa kidole, na kukilamba polepole, macho ameyafumba.