Ukurasa wa Tatu

Mjane alirudi kutoka kwa dada yake saa tatu asubuhi, akamkuta mumewe kifudifudi ndani ya karakana ya uani, kisogo kimepasuliwa kwa spana. Inspekta alifika saa nne kasorobo. Maiti alishazizoea. Kilichomrudisha nyuma ni maji yaliyolala ndani ya mashine moja ya kufulia, mekundu ya kufifia, povu limeganda juu yake, yananuka damu na sabuni.

"Mtu ameua, kisha akafua nguo papa hapa," alisema, akaziba pua.

Marehemu alikuwa akikusanya mashine kuukuu za kufulia na kuzifufua. Zilikuwa kumi na tisa. Rafuni alipanga vijitabu vilivyouzwa pamoja nazo, vya maelekezo ya matumizi, kila kimoja ndani ya nailoni.

Askari walikwishamtia pingu Koleo, fundi msaidizi wa marehemu. Jana saa kumi jioni jirani aliwasikia yeye na marehemu wakigombania kijitabu.

"Tuligombana, afande, sikatai. Kila wiki tunagombana, kisha tunakunywa chai," Koleo alisema. "Mke wangu anajifungua mwezi huu. Nikifungwa, nani atamtazama?"

Mdogo wa marehemu, aliyeishi chumba cha mbele, alilia kumshinda mjane. Jua lilikuwa kali, lakini alifunga koti hadi shingoni.

"Mnangoja nini? Mashine hizi anazijua huyo na shemeji tu. Mimi hata kuziwasha sijui!"

Inspekta aliinamia rola mbili za mpira zinazokamua nguo, juu ya mashine ile yenye maji mekundu. Katikati yake palikwama nusu ya kifungo cha buluu. Mezani kulikuwa na kijitabu cha mashine hiyohiyo, nje ya nailoni yake. Kurasa mbili za mwanzo, za kujaza maji na kuwasha, zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa vidole. Ukurasa wa tatu, wa kukamua, ulikuwa mkavu.

"Mama, ukikamua shati hapa unafanyaje?"

"Nakunja vifungo kwa ndani," mjane alijibu. "Usipokunja, rola zinavisaga. Koleo alishavunja vya marehemu, akatukanwa mpaka akakoma."

"Basi nyinyi wawili hamkuhitaji kijitabu, wala msingesahau vifungo." Inspekta akageuka. "Wewe usiyejua kuwasha, vua koti."

"Afande, nina homa."

"Vua!"

Shati lilikuwa la buluu, mishono bado mibichi. Kifungo cha tatu kilibaki nusu.

Mjane alishika kinywa. "Shemeji! Kaka yako aliyekulea!"

"Nilimwomba abomoe karakana tujenge vyumba vya kupangisha," alifoka, machozi yamekauka ghafla. "Akanicheka! Makopo haya yalikuwa bora kuliko mimi?"

"Na shati ukalivaa msibani kwake?" Inspekta aliuliza.

Akajitazama kifuani. "Lilikuwa limetakata."

Inspekta alitema mate mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini. Aliamuru pingu zitoke kwa Koleo ziende kwa mwenyewe, akaomba maji ya kunawa ingawa hakuwa amemgusa mtu yule.

Wapimaji wa polisi walipochukua sampuli yao ya maji na kumaliza, Koleo hakukimbilia nyumbani. Alifungulia yaliyobaki yakamwagika mferejini, akaisugua mashine mara tatu, akitoka nje kutapika. Mjane alimshika mkono.

"Acha, baba," alisema. "Haitatakata hiyo."