Nusu ya Mkate Dawatini

"Mfuko unavuja huu! Haya ni maziwa au usaha?"

Yesenia aliuinua juu, foleni nzima ione. Ilikuwa Jumanne alasiri nje ya shule, na wazazi wa darasa la pili walikuwa wamekuja kuchukua chakula cha watoto cha siku za kusomea nyumbani. Upepo wa ziwani uliwakata masikio kama ilivyo kawaida ya jiji la Milwaukee, Marekani, na maziwa yaliyochacha yalikuwa yakitiririka kwenye mkono wa koti lake jekundu.

"Usaha haunuki jibini," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kofia ya sufu ya kijani, barakoa, na katikati macho ya kijivu yanayocheka. Mwanaume yule alimpa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Mwaka ule wa korona Yesenia alikuwa akichukizwa na kila kitu, lakini kwa kitambaa kile alicheka.

"Naitwa Bogdan."

"Yesenia. Na kitambaa hiki hukipati tena, labda unipe namba yako."

Simu zikaanza. Bogdan alitengeneza mitambo ya kupasha joto majumbani, na kila jioni alipiga akiwa bado ananawa masizi.

"Habari za watoto marufuku, sawa mrembo? Nashinda na wangu, nahitaji kuongea na mtu mzima."

"Sawa, mpenzi. Ee! Ulimi umeteleza."

"Uache huko huko ulikoteleza."

Basi hawakuulizana habari za watoto, na hapo ndipo walipojikwaa.

Shule ilikuwa imegawa darasa. Kundi la kwanza liliingia Jumatatu na Jumanne, la pili Alhamisi na Ijumaa. Dawati moja, watoto wawili wasiokutana. Jumatano wote walisomea majumbani, kila mmoja kwenye kijidirisha chake cha skrini. Juu ya madawati palipigwa dawa mpaka rangi ikabanduka. Ndani hakuna aliyetazama.

Maite, binti wa Yesenia, alikuwa kundi la pili. Alhamisi moja alirudi na kitabu chenye utelezi.

"Mama, dawatini kuna kitu tena."

Ulikuwa mkate wa samaki wa siki na vitunguu, umeota ukungu wa kijivu kama manyoya ya panya. Yesenia alikimbilia sinki. Wiki iliyofuata, vilevile. Mwalimu aliahidi kuongea na mzazi, ila jina la mtoto hakulitaja.

Jumatano Maite alisoma ukurasa wake kwa sauti mbele ya skrini, akasahau kuzima kipaza sauti. Nyuma yake Yesenia alikuwa jikoni akiongea na dada yake kwenye simu, huku akisugua kile kitabu.

"Nakwambia bado kinanuka! Nikimpata huyo mtoto wa dawati! Nguruwe mtupu. Sijui mama yake amemlea kwenye zizi gani!"

Vijidirisha vyote viliganda. Katika kimojawapo, msichana mwenye mikia miwili ya nywele alinyoosha mkono, kama walivyofundishwa.

"Mwalimu, mtoto wa dawati ni mimi. Lakini mimi sina mama."

Nyuma ya msichana akatokea mwanaume mwenye kofia ya kijani. Hakuwa na barakoa. Ndiyo mara ya kwanza Yesenia kuiona midomo ya Bogdan. Bogdan akamtazama Yesenia. Kisha kijidirisha kikawa cheusi.

Yesenia alimpigia mpaka jioni ndipo simu ikapokelewa.

"Zizini hapa. Unataka nini?"

"Bogdan, wallahi sikujua ni wako."

"Kwa hiyo angekuwa wa mwingine, sawa?"

Yesenia alikiweka kile kitabu mezani.

"Hilo ndilo linalonichefua, Yesenia. Binti yangu Halina amelala na njaa. Amegoma kula."

Akakata. Yesenia alihisi uchachu mdomoni, akapiga mswaki mara mbili. Haukutoka.

Alhamisi Maite alirudi na kitu ndani ya karatasi laini.

"Kitupe!" Yesenia akaziba pua.

"Mama, tazama kwanza. Daima ni nusu ya mkate. Na haujang'atwa." Maite akaunusa, akakunja uso. "Umekatwa kwa kisu. Nadhani nimewekewa mimi."

Jumanne foleni ilikuwa ndefu. Bogdan alisimama ameshika mkono wa binti yake, akijifanya anaangalia barabara. Yesenia hakumsemesha. Alipiga magoti kwenye theluji chafu mbele ya mtoto.

"Halina, ule mkate ulikuwa wa nani?"

"Wa mwenzangu wa dawati. Nilimwona kwenye skrini anakula peke yake. Na mimi nakula peke yangu."

Bogdan akamgeukia binti yake. Hilo hakuwa akilijua.

"Wewe ulikuwa unamkaribisha mwanangu, na mimi nikakutukana," Yesenia akasema. "Nisamehe, mwanangu."

"Ulisema nguruwe."

"Nilisema. Nilikosea sana."

Halina alifikiri, kisha akaingiza mkono mfukoni. "Nusu ya leo hii hapa. Niliogopa kuiacha."

Harufu ikatangulia. Yesenia akashusha barakoa.

"Usile hiyo," Bogdan akasema. "Imekaa mfukoni tangu asubuhi."

"Nyamaza. Nimekaribishwa."

Akang'ata. Samaki aliteleza kooni kama konokono, siki ikampanda puani, machozi yakamtoka.

"Mbaya?" Halina akauliza.

"Mbaya mno. Nipe tena."

Bogdan alicheka mpaka akashusha barakoa apate hewa. "Kitambaa changu kiko wapi, mwanamke wewe?"

Akakitoa, kimepigwa pasi. Bogdan akamfuta pembe ya mdomo, taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Jumapili njoo na Maite. Meza yetu ina viti vinne. Ila samaki atakuwepo."

"Nitaziba pua kwa pamba, mpenzi. Nitakuja."

Mlango wa gari la Yesenia ukafunguka. Maite akashuka, akasimama mbele ya Halina. Wasichana wale walikalia kiti kimoja majira yote ya baridi, wakaonana vichwa tu kwenye skrini. Sasa walitazamana kuanzia utosini mpaka chini kwenye viatu.

"Kumbe," Halina akasema kwa mshangao, "una miguu!"