Kikombe cha Hezron

Enesi alikuwa akianika kahawa kwenye kichanja simu ilipoita. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akapokea.

"Mama Ketrina, napiga kutoka kliniki ya figo. Baba Ketrina amemaliza vile vidonge vya kujikinga na maambukizi. Sasa, mdogo wake aliyempa figo ana virusi, na baba Ketrina hakuwa navyo. Kwa hiyo yuko kwenye hatari kubwa. Mlete apimwe damu. Na akipata homa tu..."

Simu ikakatika. Huko kijijini Ruanda, wilayani Mbozi, mtandao husumbua mawingu yakishuka. Enesi angeweza kupiga tena. Hakupiga. Alikaa chini kando ya kichanja.

Virusi! Kijijini kwao neno hilo lilikuwa na maana moja tu, UKIMWI, na lilisemwa kwa kunong'ona. Kumbe shemeji yake Hezron alimpa kaka yake figo pamoja na kifo? Asajile, mume wake, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kurudi shambani. Akisikia, si atavitupa vidonge vyote? Si atamfukuza mdogo wake? Enesi aliogopa. Akaamua kunyamaza.

Lakini mdomo ulinyamaza, mikono haikunyamaza. Hezron alipokuja kunywa chai kama kawaida yake, Enesi alikiosha kikombe chake peke yake na kukiweka dirishani. Vikombe vya nyumba ile vilikuwa vya bati, vya bluu, vyote sawa. Kuanzia siku hiyo, kimoja kikawa na mahali pake.

Hezron alikuwa mtu wa utani. Safari hii hakutania.

"Shemeji, mbona kikombe changu kinakaa dirishani? Nimekukosea nini?"

"Hujakosea kitu."

"Nilipasuliwa kwa ajili ya kaka yangu. Leo nanywa chai hapa kama mgeni."

Aliiacha chai nusu, akaondoka. Enesi aliona aibu hadi machozi yakamtoka.

Asubuhi iliyofuata, Asajile alikaa juani amejifunika blanketi. Meno yalikuwa yakigongana.

"Ni baridi tu. Nitanunua dawa ya homa dukani," alisema. "Usinitangaze, mama Ketrina."

Enesi alimgusa paji la uso. Lilikuwa moto. Hapo hofu ikaishinda aibu. Alikimbia kwa jirani yake Tumpale, nesi wa zahanati.

"Dada, mume wangu ana homa! Hezron amempa virusi!"

Tumpale alimkalisha kwenye kigoda. "Virusi gani? Hospitali walivitaja jina?"

"Virusi ni virusi, dada! Si UKIMWI huo?"

"Hapana. Virusi ni vya aina nyingi. Hata mafua huletwa na virusi. Hezron alipimwa UKIMWI kabla ya kutoa figo. Angekutwa nao, wasingeichukua figo yake. Na hata UKIMWI hauambukizwi kwa kikombe. Hebu kumbuka, waliwahi kutaja CMV?"

"CMV walitaja. Sikujua kama ni virusi."

"Ndivyo hivyo. Watu wengi tunavyo, vimelala mwilini, havitusumbui. Lakini baba Ketrina anameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo. Dawa hizo hupunguza kinga. Virusi vikiingia na figo, vinaweza kuamka."

"Sasa walijuaje kabla hajaugua?"

"Wewe unajuaje mbuni gani shambani utashikwa na ugonjwa wa chulebuni?"

Enesi alifikiri. "Ule uliosongwa na majani, mahali penye unyevu. Huo naukagua kila mara."

"Umeshaugua?"

"Bado. Ila ndio ulio hatarini."

"Na madaktari hufanya hivyohivyo. Huangalia damu ya mtoaji, damu ya mgonjwa na dawa anazotumia. Wanajua nani achunguzwe zaidi. Kuwa hatarini si kuhukumiwa kufa. Ila homa hii si ya kungoja. Asinunue dawa dukani, na zile za figo asiziache. Lete simu, tuwapigie."

Walisafiri siku hiyohiyo, na Hezron aliposikia kaka yake anaumwa akaja kuwasindikiza. Hezron ndiye aliyemshika kaka yake mkono njia nzima, na Enesi hakuweza kumtazama usoni. Damu ilipopimwa, virusi vilikutwa vimeanza kuamka. Asajile akaanzishiwa dawa. Daktari aliwaambia kwamba wangechelewa, figo ingeweza kuharibika, na Asajile mwenyewe angeweza kufa.

Homa ikashuka. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha virusi vinapungua, na figo ikaendelea na kazi yake. Siku waliporudi nyumbani, Enesi alimweleza Hezron yote, bila kujitetea. Hezron alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaenda zake.

Enesi alidhani ndiyo basi. Kesho yake jioni akasikia sauti mlangoni.

"Shemeji, chai ipo?"

"Ipo."

Hezron alitazama dirishani. Hapakuwa na kitu. "Na kikombe changu kiko wapi?"

Enesi alimwonyesha beseni la vyombo vilivyooshwa. Vikombe vya bluu vilikuwa vimelundikana humo, vyote sawa.

"Kimo humo na vyetu," alisema. "Kitafute mwenyewe, mimi sikijui tena."