Rangi ya Kung'aa

Wewe uliyekunja midomo kabla hujaambiwa kitu, ikunjue. Hujawahi kupaka hata dirisha la choo, halafu utamfundisha nani mbao inaweza nini na haiwezi nini? Sikiliza, au katafute wanaosimulia ya kuchekesha.

Fundi rangi mmoja aliitwa Mama Msasa, jina alilolipata kwa ulimi wake zaidi ya kazi yake. Miaka thelathini alipaka milango ya watu. Magoti yakaisha, kifua kikaisha, na hamu ya kubishana na wenye nyumba nayo ikaisha. Mdogo wake, mjane wa miezi minane, alipomwita ampakie rangi mbao za sebuleni, milango miwili, kabati na zile mbao za chini ya ukuta, yeye alitaka tu amalize akalale.

"Nataka rangi ya kung'aa," mdogo mtu akasema.

"Mbao zako zimechoka kama mimi. Zina mabonde, zina alama za misumari. Rangi ya kung'aa itatangaza kila kovu. Nikupakie isiyong'aa, ikusitiri."

"Ya kung'aa inafutika kwa kitambaa."

"Nani atachafua? Unaishi peke yako."

Mdogo mtu akaangalia kochi. "Ya kung'aa, dada."

Jumatatu akapaka. Jumanne akakuta mlango wa koridoni umekauka vizuri, isipokuwa sehemu moja, usawa wa mdomo wa mtu mzima, iliyofifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Rangi ikipata unyevu kabla ya kukauka hufanya hivyo. Akalaumu hewa, akapiga msasa, akarudia. Jumatano imefifia tena, chini kidogo ya pale, kana kwamba anayepumua ameinama.

"Umeegemea mlango wangu?"

"Sijaugusa."

"Basi una ng'ombe humu ndani hujanionyesha."

Mdogo mtu hakucheka. Harufu iliyotoka kwenye mbao haikuwa ya tapentaini. Ilikuwa ya nywele zilizoloa zikafungiwa kitambaa siku nyingi. Na saa nne ile ya asubuhi, jua limejaa dirishani, ndani ya ubao kulisikika msasa ukipita, kwaru, kwaru, wa fundi asiye na haraka. Mama Msasa akatazama mikono yake. Ilikuwa imetulia. Akafungua mlango, akachungulia koridoni. Hapakuwa na mtu.

Alhamisi akapaka mara ya tatu. Sasa, fundi mzoefu hakagui mlango kwa kuukodolea macho. Husimama ubavuni, shavu karibu na mbao, ili mwanga uteleze juu ya rangi umwonyeshe sehemu alizoruka. Ndivyo alivyosimama, na juu ya rangi ile mbichi akaiona sebule yote, dirisha, pazia, kochi, mdogo wake akishona pindo la gauni, na kando yake, mwisho wa kochi, mwanamume amekaa, mikono magotini, shingo imemgeukia yule mwanamke, haigeuki kwingine, haitikisiki. Mama Msasa akageuka. Kwenye kochi alikuwa mdogo wake tu.

"Umemwona," mdogo mtu akanong'ona, sindano ikiendelea.

"Nimeona nini?"

"Usinichoshe, dada. Shemeji yako. Nilianza kumwona kwenye vanishi ya kabati, hafifu. Nikasema mng'ao ukizidi, nitamwona vizuri."

Hapo Mama Msasa akamtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza wiki ile. Mifupa ya mabega ilikuwa imetoka, na kwenye joto la mchana amevaa sweta mbili.

"Shemeji yangu hakuwahi kukaa kimya dakika mbili," akasema polepole. "Angekuwa keshauliza chai iko wapi. Huyu anakutazama shingo."

"Watu hubadilika."

"Wakishakufa?"

"Nasikia baridi tangu umepaka, najua. Lakini sikai peke yangu."

"Hicho si mume, mdogo wangu. Kinakula. Kikikumaliza nitakuja kupaka nini humu, jeneza?"

Akafungua kopo la rangi isiyong'aa. Mdogo mtu akamshika kiwiko, akamsihi amwachie hata mlango mmoja, hata ubao mmoja wa chini, naye Mama Msasa akamkalisha kama mtoto, akaanza na kabati, akashuka kwenye mbao za chini kwa magoti yaliyokuwa yakimlilia, akapanda miimo ya milango, akaingia mlango wa kwanza na kumaliza na ule wa koridoni, na kila brashi ilipopita msasa wa ndani ulizidi kasi, kwaru kwaru kwaru, na harufu ya nywele ikazidi hadi akapumulia mdomo, na kwenye mng'ao uliobaki, uliopungua kuwa sahani, kisha kiganja, kisha sarafu, yule mwanamume akainuka kwenye kochi na kuja, akaja, mpaka sarafu yote ikawa jicho, na brashi ikalifunika.

Kimya. Harufu ikakatika. Mama Msasa akakaa sakafuni. Miaka thelathini ilikuwa imemfundisha kwamba doa ukilifunika limekwisha.

"Dada," mdogo wake akasema, midomo haifunguki sawasawa kwa baridi. "Kwenye rangi alikuwa anakaa mbali kidogo."

"Sasa hayupo."

"Sasa humwoni."

Mto wa kochi, pembeni ya mdogo mtu, ukabonyea taratibu.

Mama Msasa akainuka, akamshika mdogo wake mkono, akavuta. Mkono ukaja nusu, ukagoma, si kwa kugoma kwa mwenyewe. Ulikuwa umeshikwa upande wa pili, na kila alipovuta, ulivutwa vilevile, bila haraka, kama mtu anayejua mwenzake atachoka kwanza.

"Nivute basi," mdogo mtu akanong'ona.

Akavuta tena. Bega la mdogo wake likalia, na kilio kikamtoka mwenyewe, kidogo, cha kuzuia.

"Utaning'oa. Acha."

"Nitaita watu."

"Waje wavute nini?"

Akaachia. Kisha akafunika kopo, akaokota brashi, akatoka kwenda koridoni, na mlango akaufunga kwa ncha za vidole, polepole, kwa sababu rangi ilikuwa bado mbichi.